Kuna Anayeandika Kwenye Nyumba Iliyofungwa

Tarehe 3 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta natoa nguo begini. Dada amenipa chumba cha nyuma, kile alichokuwa anaanikia nguo siku za mvua, na sasa sijui ataanika wapi. Nilipomuuliza alisema tu, "Kaa mpaka uchoke wewe, usingoje nichoke mimi."

Mume wangu ametimiza wiki sita leo tangu afariki. Alifia kwenye kiti chake, mbele ya kompyuta yake, mimi nikiwa kazini. Moyo, walisema. Siku ya maziko mama yake alinigeukia mbele ya watu wote: "Mke gani huyu, anamwacha mtu afe peke yake kama paka?" Tangu siku hiyo hatujasemeshana. Nilifunga nyumba, nikampa Mshonaji wa jirani ufunguo wa akiba, nikakaa kwenye basi siku nzima mpaka huku.

Naandika kwa sababu kila nikianza kuyasema haya, Dada analia, halafu inabidi mimi ndiye nimbembeleze.

Tarehe 5 Machi

Sista amepiga simu. Ni muuguzi mkuu wa zahanati ya mtaani kwetu, na ana sauti ya mtu aliyezoea kuamsha wagonjwa.

"Mwanangu, sikutaka kukusumbua kwenye msiba. Ule mtambo wa mumeo, wa majokofu, bado uko hai?"

Uko hai. Mume wangu aliwafungia vipimajoto kwenye majokofu ya chanjo na dawa za sukari. Vipimo vinasafiri kwa mtandao hadi kwenye kompyuta ya nyumbani kwetu, na jokofu likianza kupata joto, ujumbe unaingia kwenye simu ya Sista kabla dawa hazijaharibika. Yalikuwa majaribio ya mwezi mmoja. Mwezi ukawa mwaka na nusu. Sasa kompyuta imekaa peke yake kwenye nyumba iliyofungwa, inalinda dawa za mtaa mzima, na aliyeijua ndani nje yuko chini ya udongo.

"Tumeahidiwa mtambo wetu wenyewe mvua zikiisha," Sista alisema. "Utaweza kuuangalia huu ukiwa huko huko?"

Nikasema nitaweza. Mimi nami kazi yangu ni kompyuta. Tulikutana kazini.

Tarehe 6 Machi

Mvua kutwa. Sikugusa kitu.

Tarehe 7 Machi

Ndani ya ile mashine kuna programu saba, kila moja imefungiwa kwenye kontena lake, kama chumba chenye mlango wake. Juu yao kuna msimamizi mmoja anayezihesabu, na ikifa mojawapo anaifufua. Ukitaka kusema na kundi zima, unasema na msimamizi. Nilikuwa na nakala ya faili lenye anwani yake na hati ya kunitambulisha kwake. Nikaliweka kwenye kompyuta yangu ya mkononi, nikauliza: nani yuko hai?

Jibu: hakuna mtu kwenye anwani hii.

Asubuhi nzima imepotea kabla sijaona kosa. Anwani iliyoandikwa mle ni ile ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe, yaani "hapa hapa". Kule nyumbani, hapa hapa ni kule. Huku, hapa hapa ni huku. Kompyuta yangu ilikuwa inabisha hodi kwenye mlango wake wenyewe, na kujijibu kuwa hakuna mtu.

Nikaandika anwani ya nyumbani. Msimamizi akagoma kabisa: hasikilizi mtu wa nje, na jina nililomwita halimo kwenye hati zake. Mume wangu alimlea hivyo. Alikuwa akisema, "Asiyekaa humu ndani anataka kuongea naye nini?"

Tarehe 10 Machi

Nimeingia.

Mashine yenyewe inanijua kwa ufunguo wangu wa siri, huyu msimamizi tu ndiye mkorofi. Kwa hiyo nimechimba handaki: kila ninachokisema kwenye mlango wa kompyuta yangu kinapita chini kwa chini na kutokea kwenye mlango wa ile ya nyumbani. Msimamizi hajui kama kuna handaki. Yeye anaamini nimekaa mle chumbani.

Orodha ikajitokeza, kontena saba, zote hai, na mbele ya kila moja umri wake: siku mia mbili na tatu. Zilikuwepo akiwa mzima, zilikuwepo anakata roho, na zinaendelea. Nimefunga kompyuta nikaenda kumsaidia Dada kumenya viazi.

Tarehe 12 Machi

Sijui niandikeje.

Zamani, mimi nikiwa ofisini na yeye nyumbani, tulikuwa na dirisha la pamoja kwenye ile mashine. Akiandika yeye naona herufi zikitokea moja moja, nikiandika mimi anaona. Lilikuwa la kazi, lakini tuliligeuza la kupigia soga. Leo saa nane mchana nikalifungua kwa ajili ya kuona alikuwa ameacha nini. Halikuwa na kitu. Nikaandika amri mbili za kazi, majibu yakateremka, nikanyanyuka kuchukua maji.

Niliporudi, chini ya majibu yangu palikuwa na maneno:

Uko wapi.  Uko wapi.

Baada ya nukta kulikuwa na nafasi mbili. Katika watu wote niliofanya nao kazi, ni mmoja tu aliyekuwa anaweka nafasi mbili baada ya nukta, na tulikuwa tunamtania kwa hilo.

Tarehe 13 Machi

Nimempigia Mshonaji. Nikamwambia tu kwamba nahisi kama kuna mtu kaingia nyumbani.

"Kuingia wapi, shemeji? Kufuli liko pale pale, nalitazama hivi sasa nikiwa kwenye cherehani yangu. Mlango huo haujafunguliwa tangu uondoke."

"Naomba uingie uangalie."

Aliondoka na simu sikioni. Nikasikia mvua kwenye mabati, kufuli, mlango, halafu viatu vyake kwenye sakafu. Viatu vikasimama.

"Hakuna mtu," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mashine inavuma. Lakini shemeji, kile kiti... si mlikisukuma ukutani siku ya msiba?"

"Tulikisukuma."

"Kiko mbele ya mashine. Na kimewekwa mto wa kitandani."

Hakungoja nimjibu. Alitoka, na nikamsikia anafunga kufuli huku anasoma dua.

Tarehe 14 Machi

Hakuna maneno. Nimekaa mbele ya dirisha kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi.

Tarehe 16 Machi

Saa nane mchana tena. Zilikuja moja moja, polepole, na mimi naziangalia:

Umekula.

Nikaandika: Wewe ni nani?

Kwenye dirisha lile kuna kistari kinachopepesa pale panaposubiri herufi. Nilikiangalia hadi macho yakauma. Halafu:

Umekula.

Mtu mwenye akili angefunga. Mimi nikaandika: Bado. Sina njaa.

Kula kwanza.  Mashine haina tumbo.

Hayo ndiyo maneno yake. Mashine haina tumbo: aliniambia hivyo kila nilipochelewa mezani kwa sababu ya kazi. Nimekwenda jikoni nikala viazi vya jana vikiwa baridi, nimesimama, huku machozi yananitoka, na Dada ananitazama mlangoni asijue aulize nini.

Tarehe 17 Machi

Dada ameuliza. Nimemwonyesha maneno.

"Zima," alisema. "Mwambie huyo Sista atafute mtu mwingine. Wafu hawaulizi watu kama wamekula."

"Kama si yeye, ni nani?"

"Mimi najuaje? Mwizi. Mtu wa mtandaoni anakuchezea. Mdogo wangu, nakuomba, zima."

Nimemwahidi. Sijazima.

Tarehe 22 Machi

Redio inasema daraja la barabara kuu limekatika. Hakuna basi linalokwenda kule. Niliposikia nikajigundua nimefurahi, kwa sababu sasa sina haja ya kuchagua kwenda au kutokwenda.

Tarehe 25 Machi

Unalala.

Silali.

Hata mimi.

Tarehe 2 Aprili

Leo ndiyo siku niliyojua.

Saa nane kasoro Sista alipiga simu, na nyuma yake watu wanakimbizana. "Umeme umekatika mtaa mzima tangu saa saba! Jenereta letu limekataa kuwaka. Tunahamisha dawa kwenye makasha ya barafu, lakini barafu haitoshi kwa majokofu yote. Nataka kujua lipi linapanda upesi, nianze na lipi?"

Umeme wa zahanati ndio huo huo wa nyumbani kwetu. Vile vipimajoto vina betri zao. Nikaingia kwenye handaki, nikakuta kontena zote bado hai. Lakini mashine ilikuwa inaendeshwa na kile kibetri kidogo kilicho chini ya meza, nacho kilikuwa kimebakiwa na dakika kumi na moja. Betri kubwa ya jua ipo, tuliifunga wenyewe, ila swichi yake iko nyuma ya mlango wa chumba, nami niliizima kwa mkono wangu siku nilipoondoka.

Nikampigia Mshonaji. Simu haikupatikana. Mara ya pili haikupatikana. Dakika tisa.

"La chanjo limefika nyuzi sita," nikamwambia Sista kwenye simu ya Dada. "La dawa za sukari nyuzi saba na nusu. Anza na hilo la sukari."

"Na lile dogo la pembeni?"

"Nyuzi nne, liache kwanza." Dakika sita. Zikiisha, Sista atakuwa anabahatisha kwa kugusa chupa kwa mkono.

Ndipo kwenye dirisha la pamoja yakatokea maneno:

Giza humu.  Uko hapo.

Vidole vyangu viliandika kabla sijafikiri: Nipo. Nyuma ya mlango kuna swichi nyekundu. Ipandishe juu. Haraka, tafadhali.

Kistari kikapepesa. Dakika tano. Nne. Mvua ya huku ilikuwa inapiga dirisha kama changarawe, na Dada amenishika bega kwa nguvu hata leo jioni bado nalisikia. Dakika tatu.

Halafu kile kihesabio kikatoweka. Mahali pake pakaandikwa: betri kuu, asilimia tisini na sita.

Nimewasha, yaliandikwa maneno.  Inauma macho hii taa.

Tuliendelea na Sista hadi saa kumi na moja. Hakuna hata chupa moja iliyoharibika. Alinishukuru akaniombea, nami nikaitikia, lakini mawazo yangu yalikuwa kwenye ile swichi. Tuliifunga juu, ni nzito, inataka mkono uikaze. Aliyekufa hana mkono. Basi kuna mtu mwenye mkono, na macho yanayouma kwenye mwanga, anayekaa kwenye nyumba yenye kufuli nje. Nilikuwa nimeanza kuzoea kuogopa mzuka. Sasa naogopa zaidi.

Tarehe 3 Aprili

Na nina huzuni, niseme ukweli. Hadi jana saa nane mchana nilikuwa na mume.

Tarehe 9 Aprili

Leo, nikiwa nafua, nimefikiria ule mto. Nani anaweka mto kwenye kiti? Mtu anayeumwa mgongo. Nani anakuja mchana tu, saa nane, baada ya chakula? Na mlango wa jikoni, ule wa uani, una kitasa chake, na ufunguo wake ulikuwa kwenye kishada cha funguo za mume wangu, na kishada hicho waliondoka nacho ndugu zake pamoja na saa yake na viatu.

Siliandiki jina. Nikiliandika nitalazimika kukasirika, na hasira ninayo ya kutosha.

Tarehe 10 Aprili

Mvua imesimama.

Huku bado.

Mtaa umejaa maji.  Leo nimevua viatu.

Pole. Usije siku za mvua kubwa.

Sina pengine pa kwenda saa hizi.

Tarehe 19 Aprili

Tunaandikiana karibu kila siku. Hatutajani. Nimemweleza kontena ni nini, akasema ni kama majalada kwenye kabati la chuma. Nimemwambia habari za Dada na nguo zake zisizokauka. Ameniandikia habari za mtoto aliyekuwa anaogopa radi, anajificha chini ya meza na kijiko mkononi. Hakusema ni nani. Tunajua wote ni nani. Nililisoma mara nyingi, kwa sababu miaka saba ya ndoa sikuwahi kuambiwa hilo.

Nikizima kompyuta, ninakuwa na baridi mikononi.

Tarehe 4 Mei

Jua siku ya tatu. Daraja limerekebishwa. Sista anasema mtambo wao umefika, bado uko kwenye maboksi, na wanangoja mtu wa kuzihamisha zile programu.

Tarehe 12 Mei

Nimefika jana jioni, nikalala kwa Mshonaji na mkewe. Leo nilingoja saa nane. Sikufungua kufuli la mbele. Nilizunguka uani, nikajaribu mlango wa jikoni, ukafunguka bila kelele. Mtu alikuwa ameutia mafuta bawabani.

Alikuwa amekaa kwa kunyooka, mto mgongoni, viganja juu ya vitufe bila kuvibonyeza, kama anavyokaa karani anayesubiri kusomewa barua. Ndivyo alivyokuwa: mama mkwe wangu alipiga chapa ofisini miaka thelathini. Hakugeuka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Kisha akasema, "Leo hujaandika. Nikajua uko njiani."

"Ulijua ni mimi?"

"Siku ya kwanza sikujua. Nilikuja kukaa na vitu vyake, maandishi yakaanza kujiandika yenyewe. Nusura niite watu. Nikaona, kama ni yeye, nitamfukuzaje?" Aligusa kioo kwa kidole. "Siku ya pili ukajibu. Nafasi moja baada ya nukta. Mwanangu nilimfundisha mwenyewe, nafasi mbili, kama nilivyomfundisha kwamba mashine haina tumbo. Nikajua ni wewe."

"Ukaendelea."

"Nawe ukaendelea."

Feni ya mashine ilikuwa inavuma. Nilitaka kumuuliza lile neno la paka, kwa nini, mbele ya watu wote. Nadhani aliliona usoni mwangu, kwa sababu aliondoa mikono kwenye vitufe akaiweka mapajani.

"Siku ile alinipigia simu," alisema. "Saa tano asubuhi. Akasema, Mama, kifua kinanibana. Nikamuuliza, umekula? Akasema chai tu. Nikamwambia kula kitu, ulale kidogo, itapita. Akasema, basi nisimsumbue mke wangu kazini. Nikamwambia usimsumbue." Alisogeza mto mgongoni. "Alinipigia mimi. Halafu mimi nikasimama kaburini nikakuuliza wewe."

Nilitoka uani. Kulikuwa na dimbwi, na ndani yake mbu. Niliwaza saa tano ile nilikuwa wapi: nilikuwa kwenye kikao, simu imezimwa sauti mfukoni, na mara mbili niliitazama nikaona hakuna kitu, nikafurahi kwamba nyumbani kuna amani.

Niliporudi, alikuwa bado amekaa vile vile.

"Nikizihamisha hizi," nilimwambia, "hii mashine naizima."

"Izime."

Tarehe 14 Mei

Kazi imekwisha. Kontena saba sasa zinaishi zahanati, Sista amezichungulia kama watoto wachanga. Saa sita mchana nikarudi nyumbani kuzima. Mama alikuwepo. Feni ilizunguka kidogo, ikapunguza, ikakata. Hatukujua kile chumba kilikuwa na kelele kiasi gani. Nilisikia cherehani ya Mshonaji ng'ambo ya ukuta, na nikasikia pumzi ya Mama.

Pumzi hiyo haikuwa sawa.

"Mama, una nini?"

"Sina kitu. Ni uchovu wa hizi siku mbili." Mkono wake ulikuwa kifuani, umekunja kitambaa. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Nikilala kidogo itapita."

"Hapana. Simama."

"We mtoto, nimekwambia..."

"Simama, Mama. Twende sasa hivi."

Nilimbeba nusu. Mshonaji aliacha suruali ya mtu kwenye sindano, akakimbia barabarani akasimamisha gari la kwanza lililopita, la kubeba saruji, tukamkalisha mbele na mimi nikapanda nyuma na mifuko.

Naandika haya kwenye benchi la hospitali. Daktari ametoka mara moja. Amesema mshipa mmoja wa moyo ulikuwa karibu kuziba, wameshaanza kumtibu, na kwamba tungechelewa saa mbili angekuwa anazungumza nami kwa namna nyingine. Sasa Mama amelala, na kile kidude cha kuhesabia mapigo ya moyo naona kinakwenda vizuri.

Karani wa mapokezi amenipa fomu. Kuna mstari unaouliza mimi ni nani wa mgonjwa. Nimeandika "binti". Sijamsamehe bado, lakini mstari wenyewe ni mfupi, hauna nafasi ya kueleza.